Red Wing za mtumba kutoka Memorial Moshi, kwa wenye mguu mpana

Nianze na jibu maana najua kuna wanaotaka jibu tu waende zao sokoni: buti ya ngozi inayomkaa mtu mwenye mguu mpana bila kumnyanyasa ipo, na hapa Moshi unaipata kwa hela inayolipika, ila ukiitafuta kwa namba peke yake utazunguka mpaka uchoke, itafute kwa herufi ya upana. Nilizonazo mimi ni buti za kimarekani za Red Wing, aina ya Moc Toe, zile 875 za rangi ya kahawia inayoelekea machungwa, saizi 7 EE, nimezitoa soko la Memorial kwenye mitumba kwa elfu tisini baada ya kuombana sana bei, afu nikamlipa fundi elfu ishirini na tano ya soli. Nimezivaa masika yote na mpaka leo ndo ninazoendea kazini, kwa hiyo haya ninayoandika ni ya buti zilizopigwa kazi kweli, sio za kupigia picha.

Mi ni afisa ugani, wakulima wananiita bibi shamba, na eneo langu ni vihamba vya huko juu Kibosho na Uru, kwenye kahawa na migomba. Wanaopajua wanajua, udongo mwekundu, mvua ikinyesha njia zote zinateleza, unavuka mifereji, unashuka korongo unapanda korongo, ukimaliza unarudi kwenye pikipiki unaenda kwa mkulima mwingine na huko nako ni vile vile. Mguu wangu sio mrefu ila mbele ni mpana, vidole vimetawanyika, na wenzangu wengi tuliokulia vijijini tukitembea peku utotoni tuna miguu ya hivi hivi, mguu uliokua bila kiatu huwa unatanuka mbele na hilo sio ugonjwa wala sio kasoro, ni mguu imara kabisa. Kasoro ni ya kiatu kilichotengenezwa kwa kufikiria mguu mwembamba afu kikaletwa kwetu kama vile ndo mguu wa kila mtu.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini nisivae gambuti kama watu wengine. Ninazo, na mvua ikiwa ya kumwaga nazivaa, lakini gambuti kutwa nzima mguu unachemka ndani, soksi zinalowa jasho, kifundo cha mguu hakishikwi na chochote, ukishuka mteremko mguu wote unakimbilia mbele na kidole gumba ndo kinachofunga breki. Kwa saa moja au mbili ni sawa. Kwa kazi ya kutembea siku nzima, ngozi ndo ngozi, inapumua, inafuata umbo la mguu wako, na ikichakaa inatengenezeka.

Sasa tuongelee hili la namba maana hapa ndo watu wengi wenye miguu kama yetu wanaumizwa. Ukimwambia muuzaji kiatu kinanibana pembeni, jibu lake la kwanza ni lile lile, "chukua namba ya juu yake dada." Na unaona kabisa kimekubali, mguu umeingia, unalipa unaondoka. Lakini tazama kilichofanyika. Ukipanda namba moja nzima ya kimarekani au ya kiingereza, kiatu kinaongezeka urefu karibu milimita 8 na nusu, wakati upana wake umeongezeka kidogo sana, kwa hiyo umepewa nafasi mbele ambako hukuihitaji na pembeni bado unabanwa. Baya zaidi kiatu kina mahali pake pa kukunjikia, pale kwenye kifundo cha kidole gumba, na kikiwa kirefu kwako kinakunjika mbele ya pale mguu wako unapokunjika, ndo unaona ngozi inapata mikunjo ya ajabu inapasuka mapema, kisigino kinapanda na kushuka kinachubua, vidole vinajikunja kushika kiatu kisitoke, jioni unyayo wote unauma na ukiulizwa unauma wapi huwezi hata kuonyesha. Buti ya laki moja inakufa mapema na mguu nao unaota sugu, na chanzo ni upana tu.

Wamarekani wana herufi za upana na hizi herufi ndo zilizoniokoa. Kwa viatu vya kiume D ni upana wa kawaida, kisha inakuja E, kisha EE ambayo wengine wanaiandika 2E, kisha EEE, kisha EEEE. Kwa viatu vya kike upana wa kawaida ni B, na D ya kike ndo inahesabiwa pana. Kuna kifaa cha kupimia mguu kinaitwa Brannock, kilibuniwa huko Syracuse, New York, miaka ya 1920 na mtu aliyekuwa na jina hilo hilo, kile cha chuma unachokanyagia afu wanasogeza kipande cha pembeni, na kwa kipimo hicho kutoka herufi moja kwenda nyingine ni karibu milimita 5. Kwa hiyo kutoka D kwenda EE ni karibu sentimita nzima kwa pembeni, na urefu uko vile vile! Hiyo ndo tofauti kati ya buti unayoivua kwa hasira ukifika nyumbani na buti unayosahau kama umeivaa.

Dukani kwetu kifaa hicho sijakiona, lakini karatasi inatosha. Simama juu ya karatasi jioni, sio asubuhi, maana mguu unavimba kadiri siku inavyokwenda, vaa soksi utakazovalia buti, mtu akuchoree kuzunguka mguu penseli ikiwa imesimama wima, miguu yote miwili maana mara nyingi mmoja ni mkubwa, afu pima kwa rula pale penye upana zaidi. Baada ya hapo kata ile picha ya mguu kwa mkasi, ikunje uende nayo sokoni. Ukiona buti unayoipenda iingize ile karatasi ndani mpaka ikae chini kabisa kwenye soli ya ndani. Ikilala bapa, jaribu kuivaa. Pembe zikijikunja kwenda juu, irudishe pale ulipoitoa hata muuzaji aongee nini, maana atakuambia ngozi inatanuka. Ngozi nzuri inatanuka ndio, lakini inatanuka kidogo na sehemu ya juu tu, soli haitanuki, na kama mguu wako unamwagika nje ya soli basi utakuwa unatembea umekanyaga ukingo wa kiatu kila siku.

Kuhusu sisi wanawake niseme jambo moja. Mafungu ya viatu vya kike pale sokoni buti nyingi ni za urembo, nyembamba mbele, zipu pembeni, ngozi laini, kwa mji ziko sawa. Ukitaka buti ya kazi nenda fungu la wanaume bila kusita. Toa moja na nusu kwenye namba yako ya kike ya kimarekani unapata ya kiume, yaani 8 na nusu ya kike inakuwa 7 ya kiume, na D yao ya kawaida tayari ina nafasi kuliko B yetu. Shida ni kwamba namba ndogo za kiume ni chache, belo likifunguliwa utaona 9, 10, 11 kibao, 7 unaisubiri. Mi nilimuachia muuzaji mmoja namba yangu ya simu na nikamwambia kabisa sitaki 7 tu, nataka 7 yenye E mbili, nikamwonyesha inaandikwaje, na siku aliyofungua mzigo akanipigia. Huyo kijana kwa sasa anazitafuta mwenyewe hizo herufi, anasema wateja wa miguu mipana ni wengi kuliko alivyodhani, walikuwa wanapita tu bila kununua.

Hizo herufi ziko wapi? Kwenye Red Wing angalia ndani, kwenye ulimi au ubavuni kwenye ngozi ya kifundo, kuna maandishi yamegongwa, namba ya aina ya kiatu, namba ya mguu na herufi. Kwenye mtumba mara nyingi yamefifia, chukua tochi ya simu umulike kwa pembeni, kile kivuli kinayaleta. Timberland na buti nyingine nyingi za kimarekani wanaandika M kwa wastani na W kwa pana, kwa hiyo ukikuta 8 W ujue hiyo ni yako. New Balance nao wanaandika 2E na 4E, ila hizo ni raba zaidi. Clarks wao wana herufi za kiingereza, kwa wanaume G ni ya kawaida na H ni pana, usichanganye na zile za Marekani. Buti za jeshi la Marekani zina R, W na XW, na nyingi ni pana vizuri, lakini mimi sizigusi na sikushauri, mavazi ya kijeshi kwa raia hapa kwetu ni matatizo ya kujitafutia.

Nikirudi kwenye buti zenyewe. Hizi Moc Toe zinatengenezwa mji unaoitwa Red Wing, jimbo la Minnesota, na kampuni ipo tangu 1905. Mpya bei yake Marekani ni zaidi ya dola 300, kwa hiyo ukizipata Memorial kwa elfu tisini sio bei chee lakini ni bei ya haki kabisa kwa kitu chenye miaka mingi mbele yake. Kinachonifurahisha mimi na mguu wangu ni umbo la mbele. Ile mishono ya juu inayozunguka vidole imeinua kipande cha ngozi kikakaa kama kisanduku, vidole vyangu vyote vitano viko chini vimelala kila kimoja mahali pake, kile kidogo cha mwisho ambacho ndo huwa kinateseka kuliko vyote hakigusi ukuta. Pembeni pale kwenye kifundo cha kidole gumba ngozi imekaa inanishika lakini hainiminyi. Kisigino ndo nilikuwa na wasiwasi nacho, maana wengi wetu mbele ni wapana lakini kisigino ni cha kawaida, na kweli mwanzoni kilikuwa kinacheza kidogo, nikavaa soksi nene ya sufi na kubana kamba vizuri juu ya kifundo ikatulia.

Ngozi ni nene, ngozi ya juu kabisa ya ng'ombe, sio ile iliyochunwa tabaka la chini ikapakwa plastiki. Tofauti utaijua hivi: kunja kidogo pale mbele, ngozi halisi ya juu inatoa mikunjo midogo midogo na rangi yake inabadilika kidogo inapovutika, ya kupakwa plastiki inatoa mkunjo mmoja mkali na ukiangalia vizuri inaanza kubanduka kama ina miaka. Angalia pia kwenye ukingo pale ulimi ulipokatwa, utaona nyuzinyuzi za ngozi, sio kitambaa. Na usidanganyike na maandishi ya "ngozi halisi" yaliyogongwa chini, hata hiyo ya tabaka la chini ni ngozi halisi kisheria, ila sio ya kwenda nayo shambani.

Mishono ya ubavuni ni mistari mitatu, na nimekagua mmoja mmoja baada ya masika yote hakuna uliokatika. Lakini kitu kinachofanya buti hii idumu hukioni ukiivaa, ni namna soli ilivyofungwa. Kuna ukanda wa ngozi unaozunguka kiatu, sehemu ya juu imeshonwa kwenye huo ukanda na huo ukanda ndo umeshonewa soli, kwa hiyo soli ikiisha unaitoa unaweka nyingine bila kugusa mwili wa kiatu. Viatu vingi vinavyouzwa sasa vimebandikwa gundi tu, vikiachia ndo basi, fundi atabandika tena na tena mpaka mtachoka nyote wawili. Sokoni geuza kiatu, tafuta uzi unaozunguka juu ya soli, uvute kidogo na kucha uone ni uzi wa kweli maana kuna viatu vimechorwa mfano wa mshono kwenye plastiki.

Na hapa nitoe tahadhari kwa wanaonunua buti za mlimani, zile ambazo hapa Moshi ni nyingi kwa sababu ya Kilimanjaro. Zinapendeza, zina nafasi, zinaonekana hazijachakaa kabisa. Lakini nyingi zina tabaka la katikati ya soli la povu la polyurethane, na hilo povu linazeeka hata kiatu kikiwa kimekaa tu stoo, unyevu wa hewa unalila taratibu kwa miaka, afu siku unakwenda nalo safari linameguka kama mkate mkavu na soli yote inabaki njiani. Kabla ya kulipa bonyeza lile tabaka kwa dole gumba kwa nguvu, likiwa na nyufa ndogo au likiacha unga kwenye kidole, achana nalo, hata kama ngozi ya juu ni mpya kabisa. Hilo halihusiani na upana lakini nimeona watu wamelia, nikaona niliseme.

Soli ya asili ya Moc Toe ni nyeupe, bapa, haina meno marefu. Imetengenezwa kwa ajili ya sakafu ngumu, ya kusimama kiwandani au kwenye zege, na kwa kazi hiyo ni laini kwa mguu na watu wanaosimama kutwa wanaisifia. Kwa tope la Kibosho sio kazi yake. Za kwangu zilikuwa zimeshalika kisigino kwa hiyo sikuumia roho, nikazipeleka kwa mzee mmoja fundi viatu karibu na stendi, shikamoo yake, yule mzee ana mikono. Akaiondoa ile nyeupe yote, akabakiza tabaka lililoshonwa kwenye ukanda, akakwangua kwa msasa mpaka pakawa safi, akapaka gundi na kuweka soli ya mpira yenye meno aliyoitoa dukani, kisha hakuishia kwenye gundi, akachukua msharasi na uzi wa nailoni uliopakwa nta akashona kuzunguka kote kwa mkono. Mpira wa tairi alinipa kama chaguo la pili na bei yake ni ndogo, haulikiki upesi kabisa, lakini ni mzito na mgumu kukunja, na kwa mtu wa kutembea sana mzigo kwenye mguu unauhisi kwenye goti jioni. Kama kazi yako ni ya kusimama mahali penye mawe makali au misumari, chukua tairi.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye mtumba wa aina hii, na hiki sijasikia watu wakikisema, ni alama ya mguu wa mwenye kiatu wa kwanza. Ndani ya viatu vilivyoshonwa hivi chini ya soli ya ndani kuna tabaka la kizibo, lile gome laini la kuzibia chupa za mvinyo, linabonyea kufuata mguu wa anayevaa, ndo maana mpya ni ngumu mwanzoni na baadaye inakuwa tamu. Sasa ukinunua mtumba unanunua na mabonde ya mtu mwingine. Ingiza mkono mpaka mbele upapase. Yakiwa mepesi hayana shida, mguu wako utayabadilisha taratibu. Yakiwa marefu, hasa kama amelalia upande mmoja, na kisigino kimelika upande huo huo, utatembea kwa mwendo wake yeye na mgongo utakuambia. Nilikataa pair nzuri sana kwa sababu hiyo, bei ilikuwa chini kuliko hizi nilizochukua, na sijuti.

Kuzizoea hazikunichukua muda kama mpya maana mwenzangu aliyetangulia alishazilainisha. Ambaye ana mpya ajue mwanzo ni mgumu, avae nyumbani jioni kidogo kidogo, asiende nazo shamba siku ya kwanza. Na ufungaji wa kamba unasaidia sana mguu mpana: pale kwenye matundu yaliyo juu ya sehemu pana ya mguu usivushe kamba kama msalaba, ipandishe moja kwa moja upande huo huo kwenda tundu la juu yake, afu ndo uendelee kuvusha. Utahisi pale juu pamefunguka papo hapo. Ukishafika kwenye kifundo bana vizuri, huko ndo kunakozuia mguu usikimbilie mbele kwenye mteremko.

Sasa yale ambayo hayapendezi. Ni nzito, hilo halina mjadala, mtu aliyezoea raba atalihisi wiki za mwanzo. Hazina chuma mbele, kwa hiyo kwa watu wa saiti za ujenzi hii 875 sio ya kwenu, tafuteni aina yenye kinga ya vidole. Ngozi yake sio ya kuzuia maji kabisa, ikipakwa mafuta inastahimili manyunyu na majani yenye umande, lakini ukikanyaga mfereji maji yakapita juu yataingia. Na kwa sisi wa pikipiki, gia inakula kiatu cha kushoto juu ya vidole, ngozi pale imeshachubuka rangi. Nimemwambia fundi akanishonea kipande kidogo cha ngozi laini chenye lastiki navalia juu ya kiatu nikiwa barabarani nakivua nikifika, elfu tatu tu, kila mwenye pikipiki na buti nzuri awe nacho.

Utunzaji nauandika kwa kifupi. Zikilowa usiziweke karibu na jiko wala juani kali, ngozi inakauka inapasuka, zijaze magazeti ndani uyabadilishe yakilowa, ziache kivulini penye upepo. Tope lifute kabla halijakauka. Kila baada ya muda zipake nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, hasa kwenye mishono na pale ulimi unapoungana, kiwi ya kawaida inang'arisha lakini haiingii ndani. Ukiweza kuwa na viatu vingine vya kupokezana, jasho lipate siku ya kukauka. Na mtumba wowote kabla ya kuuvaa toa kamba ufue, futa ndani kwa kitambaa chenye siki na maji, anika siku kadhaa, fangasi za mtu usizichukue bure.

Mwenye kisukari nimuombe kitu kimoja kwa dhati, usinunue buti ya kusema nitaizoea. Miguu ya kisukari inaweza kupoteza hisia, kidonda kinaanza hujui. Nenda kliniki wakuangalie mguu kwanza, afu kiatu kiwe na nafasi toka siku ya kwanza.

Kuna jambo ninalilipa uzito kuliko hata hizi Red Wing. Hapa hapa Moshi tuna kiwanda cha ngozi cha Karanga, kile cha Magereza na PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), kinatengeneza viatu na buti za ngozi, ng'ombe tunao, ngozi tunazo, mafundi tunao. Kenya kuna Bata pale Limuru, wana Safari Boot zao ambazo kwa mjini ni nyepesi na nzuri. Ninachowaomba viwanda vyetu vyote ni kalibu (ule mfano wa mguu ambao kiatu kinatengenezwa juu yake) mbili kwa kila namba, moja ya kawaida na moja pana, na herufi igongwe ndani ionekane. Sisi wenye miguu hii ni wengi mno, ni wakulima, ni wapagazi, ni askari, ni walinzi, ni walimu wanaotembea kilomita kwenda shule, na hatupaswi kusubiri Mmarekani mwenye mguu mpana achoke na buti zake ndo na sisi tuvae. Najua kalibu ni gharama, kila namba na kila upana inahitaji yake, lakini kiwanda kitakachoanza wateja watakitafuta wenyewe, mi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Kwa wale ambao hata EE haiwatoshi, au mguu mmoja umetofautiana sana na mwingine, msihangaike na mitumba, nendeni kwa fundi anayeshona buti kwa oda. Muulize kama ana kalibu na kama anaweza kuiongezea vipande vya ngozi pembeni ifuate mguu wako kabla hajavuta ngozi juu yake, akikuelewa mara moja huyo ni fundi, akikuambia atakutengenezea namba kubwa, muage kwa heshima. Yule mzee wangu wa karibu na stendi alinitajia laki na nusu, nusu unatanguliza kwa ajili ya ngozi na soli, na anataka uende mwenyewe ukanyage karatasi yake, vipimo vya kutumiwa kwenye simu hapokei.